Mikono ya Nohemy Mteremkoni

Siku Nohemy Cardona alipoileta pikipiki mpya mtaani kwetu Fátima, mtu wa kwanza kumcheka nilikuwa mimi. Pikipiki yenyewe haikuwa na la kuchekwa. Ilikuwa ya buluu iliyokolea, imechongoka mbele kama mdomo wa ndege, haina hata alama ya kidole. Nilimcheka yeye alivyokuwa juu yake. Tulikuwa tumemzoea kwenye skuta yake kuukuu, amekaa wima kama aliye kwenye benchi la kanisa, mfuko wa viazi kati ya miguu. Sasa alikuja amelalia tangi, kiuno juu, kidevu mbele, miguu imekunjwa kwa nyuma, na aliposimama mbele ya saluni tunayofanya kazi akashindwa kushuka. Mguu ulikataa kuvuka siti.

"Unatafuta nini huko chini?" nikamwuliza. "Umedondosha hereni?"

"Cheka," akasema. "Ukimaliza njoo univute huu mguu."

Nikamvuta. Wateja walitoka na mataulo kichwani kuja kutazama, na mmoja akasema Nohemy amepata mume hatimaye, ila mume mwenyewe anataka asujudiwe.

Mimi naitwa Amparo, kazi yangu ni kucha. Nohemy kazi yake ni nywele. Meza yangu na kiti chake vimetazamana miaka mingi, kwa hiyo najua akikohoa kwa baridi na akikohoa kwa hasira. Wakati huo alikuwa na umri wa miaka arobaini na tatu, hana mume wala mtoto, anaishi na mama yake, Bi Ofelia, kwenye nyumba yao ya zamani kule Chipre. Tangu usichana, pikipiki ya mashindano ikipita alikuwa anasimama njiani mpaka mlio uishe kabisa. Hakuwahi kueleza kwa nini na mimi sikuuliza. Watu wengine wanatamani kuona bahari.

Basi akaipata, na wiki ile ile ikaanza kumtesa.

Mji wetu wa Manizales umejengwa mgongoni mwa mlima. Hauna mtaa tambarare wa kutosha kuchezea gololi. Ukifungua mlango unapanda au unashuka. Kwenye kupanda Nohemy hakuwa na shida, uzito ulirudi nyuma akakaa vizuri. Shida ilikuwa kushuka. Siti ya pikipiki ile imeinamia mbele, usukani uko chini, vikanyagio viko juu na nyuma. Akigusa breki tu, mwili mzima ulikuwa unateleza mpaka kwenye tangi na kutua juu ya vifundo vya mikono. Kutoka Chipre hadi saluni ni mteremko karibu wote. Alikuwa anafika asubuhi anakunjua vidole kimoja kimoja kabla ya kushika mkasi.

Ushauri haukukosekana. Saluni ni mahali ambapo kila mtu ni fundi. Bi Graciela, mteja wake wa Ijumaa, mjane mwenye nywele nyingi na maneno mengi zaidi, alimwambia anunue mto wa siti. Akanunua. Mto ukamnyanyua, na kwa kuwa usukani ulibaki pale pale chini, sasa alikuwa anainama zaidi kuliko mwanzo. Akautoa, akampelekea paka wa Bi Ofelia. Akanunua glovu nene zenye jeli laini ndani. Zile zilimfanya akamate kwa nguvu zaidi. Akaenda dukani alikoinunua, akaomba usukani upandishwe, na kijana wa pale akamwonyesha kwamba ukipandishwa utagonga kioo cha mbele.

"Zimetengenezwa hivyo, dada," akamwambia. "Mwili utazoea."

"Mwili wa nani?" Nohemy akamwuliza. "Wangu au wako?"

Alinisimulia hayo huku anacheka, na mimi nikacheka, tukaendelea na kazi.

Kilichofuata hakukisimulia. Nilikiona mwenyewe.

Ilikuwa msimu wa komunio ya kwanza, mwezi wa tano, mabinti wote wa parokia wanataka nywele za mawimbi na mama zao wanataka kutengenezwa pia. Nohemy alikuwa na mkasi mkononi tangu asubuhi mpaka giza. Ijumaa moja alikuwa anamkata Bi Graciela, mimi naweka rangi kwenye kucha za mtu, nikasikia Bi Graciela amenyamaza. Bi Graciela hanyamazi. Nikainua macho nikaona tone la damu linashuka nyuma ya sikio lake. Nohemy alikuwa hajaona. Alikuwa anautazama mkono wake wa kulia kama anayetazama kitu cha mtu mwingine kilichosahauliwa mezani.

"Umenikata, mwanangu," Bi Graciela akasema, taratibu.

Nohemy aliomba radhi, akaleta pamba, akamalizia nywele na hakumtoza. Bi Graciela alikuwa muungwana, alisema sikio lenyewe halina kazi siku hizi. Lakini katika miaka yote ile sikuwahi kumwona Nohemy akimkata mtu, hata mtoto anayejipindapinda kitini.

Jioni nikafunga mlango wa saluni, nikamkalisha kwenye meza yangu. Nikamwambia kucha zako zinatia aibu saluni, lete mkono. Nikamiminia maji ya moto kwenye bakuli. Niliyamimina moto mno kwa kuwa akili yangu haikuwepo. Mimi mwenyewe nilipogusa nikarudisha vidole. Mkono wake ulikuwa bado ndani, umetulia.

"Huyahisi?"

"Nahisi kwenye kiganja," akasema. "Vidole vitatu havihisi."

"Tangu lini?"

Alisema, "Amparo, usimwambie mama," na hapo nikaelewa ni nini kilichokuwa kinamla.

Baba yake, marehemu Bwana Ovidio, alikuwa mshonaji wa suti. Nusu ya wanaume wa Chipre walioa wakiwa wamevaa kazi ya mikono yake. Kisha akaanza kudondosha vifungo. Vifungo, halafu sindano, halafu mkasi, halafu kijiko. Ulikuwa ule ugonjwa unaokausha misuli, ukianza haurudi nyuma. Alikaa nao miaka saba na mwishoni Bi Ofelia alikuwa anamgeuza kitandani kama mtoto. Nohemy wakati ugonjwa unaanza alikuwa anafanya kazi mji wa mbali, Cali, na aliporudi alimkuta baba tayari analishwa. Alichojua kuhusu mwanzo wake ni neno moja tu la familia: ilianzia vidoleni.

"Ni pikipiki hiyo," nikamwambia. "Unailalia kwa mikono kutwa nzima, unategemea nini?"

"Ndiyo nilivyokuwa najiambia."

Tukakubaliana aiache wiki nzima, aje kwa basi, tuone. Nilidhani nimetoa wazo la maana sana. Wiki ikapita, komunio zikaendelea, mkasi haukutulia, na vidole vikabaki vile vile. Kwa kweli asubuhi vilikuwa vibaya zaidi. Aliniambia anaamka mkono umekufa ganzi mpaka kwenye kiwiko, anautikisa gizani huku amebana meno ili mama yake asisikie kitanda.

"Basi si pikipiki," akasema. Alisema bila kulia wala nini, anafagia nywele sakafuni. "Pikipiki iko gereji wiki nzima. Na ganzi bado inakuja."

Nilimwambia aende kwa daktari. Akasema baba alikwenda kwa daktari na mikono yake miwili, akarudi na jina la ugonjwa, na jina halikumsaidia kufunga kifungo hata kimoja. Ukiwa na hofu ya aina ile hutaki kujua, unataka kuendelea kutojua kwa muda kidogo zaidi. Sikumlaumu. Mimi mwenyewe nilianza kumtazama mikono kila dakika, akishika kikombe, akitafuta chenji, mpaka akaniambia nikome.

Kisha Jumamosi akaniambia kesho anakwenda Chinchiná na wale wa Jumapili. Ni kundi la waendesha pikipiki wa hapa mjini, kiongozi wao ni Gildardo, mwenye bucha ya pale sokoni, mtu mnene anayeendesha pikipiki nene. Wanashuka mpaka Chinchiná, wanakula nyama ya nguruwe, wanarudi.

"Una wazimu?" nikamwuliza. "Njia yote ile ni mteremko."

"Nimeitamani tangu tukiwa wasichana," akasema. "Kama ndiyo imekuja kama ilivyomjia baba, mwakani sitaweza. Nataka nishuke nayo mara moja."

Nikasema kama ni hivyo na mimi nakuja. Nilidhani nikiwa nyuma yake nitamlinda. Nimelifikiria sana jambo hilo baadaye. Mimi ni mwanamke mzito, na siti ya nyuma ya pikipiki zile ni kama kipande cha sabuni, iko juu na inateleza. Uzito wangu wote ulikuwa unakwenda wapi kwenye mteremko? Kwenye mgongo wake. Na kutoka mgongoni mwake ulikuwa unakwenda kwenye ile mikono.

Tuliondoka asubuhi ukungu ukiwa umelala mabondeni. Mwanzo nilifurahi, sitasema uongo. Kona zinakuja moja baada ya nyingine, migomba na mikahawa inapita, hewa inaanza kuwa ya joto kadiri unavyoshuka. Halafu mvua ikaanza, nyembamba, ile inayofanya lami ing'ae. Wenzetu walikuwa mbele. Nilikuwa nimemkumbatia Nohemy kiunoni na kila akipunguza mwendo nilikuwa namlalia, najirudisha, namlalia tena. Nikasikia mwili wake umekuwa mgumu. Hakuwa anapinda tena na kona. Alikuwa kama ubao.

Mbele yetu likatokea lori la saruji linashuka polepole, taa zake za nyuma zinawaka. Nikangoja apunguze. Hakupunguza. Nikapiga kelele kwenye helmeti yake, na nikasikia sauti yake, ndogo sana, "Sijui kama nimeshika."

Alikuwa hajui kama vidole vyake vinabana breki au haviko kabisa.

Alikanyaga breki ya mguu. Gurudumu la nyuma likayumba, tukaenda upande, nikaona matope ya lori usoni kwetu karibu kiasi cha kuyahesabu, kisha akaiingiza pikipiki kwenye kipande cha changarawe pembeni, mbele ya kibanda cha kuuza matunda kilichokuwa kimefungwa. Tukasimama. Injini ikazimika yenyewe. Mvua ilikuwa inagonga paa la bati la kile kibanda.

Nilishuka. Yeye hakushuka. Mikono ilikuwa bado imeng'ang'ania usukani na hakuweza kuifungua. Nikamvua glovu, nikamnyanyua vidole kimoja kimoja, vilikuwa vyeupe na vya baridi.

"Ningekuua," akasema.

"Hukuniua. Shuka."

Gildardo alikuwa ameona kwenye kioo kwamba hatupo, akageuza. Alimtazama Nohemy, akanitazama mimi, akaitazama pikipiki. Hakuuliza habari za ugonjwa kwa kuwa hakujua lolote.

"Nani kakufundisha kubeba mtu kwa mikono?" akamwuliza.

"Sijambeba. Amekaa nyuma."

"Amekaa juu ya mikono yako. Hebu panda tena, nitaishika mimi. Panda, hakuna anayekwenda popote."

Akashika pikipiki kwa mbele, gurudumu likitazama mteremko, akasimama kama anayezuia ng'ombe. Nohemy akapanda. Gildardo akamwambia aachie mikono yote miwili. Akaachia, na papo hapo akaanguka mbele, kifua juu ya tangi, helmeti ikagonga kioo.

"Unaona sasa?" Gildardo akasema. "Hujakaa. Umejiegemeza tu kama ngazi ukutani. Bana tangi kwa magoti. Bana kama unamzuia mtu asikuibie. Tumbo kaza. Haya, achia tena."

Akabana. Akaachia mikono. Alibaki hewani, anatetemeka mapaja, pumzi mbili tatu hivi, kisha akaanguka tena.

"Hiyo ni nusu," Gildardo akasema. "Nusu nyingine usiniulize. Mimi nikipanda mpaka Letras, kule juu mlimani, narudi mgongo umekufa, mke wangu ananikanda na mafuta ya mbuni."

Hatukufika Chinchiná. Gildardo alinirudisha mimi kwenye pikipiki yake, ambayo nyuma ni kama kochi, na Nohemy akapanda mlima peke yake nyuma yetu. Kila kona nilikuwa nageuza shingo kutafuta taa yake.

Bi Ofelia alitukuta mlangoni tumelowa. Alituweka jikoni, akatuwekea vikombe vya maji ya moto ya sukari guru, jibini linayeyuka ndani, na arepa, ile mikate yetu ya mahindi, kwenye sahani. Nohemy akachukua kikombe. Kikamponyoka. Hakikuvunjika, lakini kinywaji kilimwagika mezani kote, kikachuruzika mpaka sakafuni, na Bi Ofelia hakuinuka kuchukua kitambaa.

"Tangu lini?" akamwuliza mwanawe.

"Nini, mama? Glovu ziliniachia unyevu tu, kikombe kimeteleza."

"Mwezi mzima nakutazama unavyofunga koti. Usiku nakusikia kupitia ukutani ukiutikisa mkono. Unadhani nimelala?"

Nohemy akanitazama mimi. Nikatikisa kichwa, sikuwa nimesema. Walikuwa wawili katika nyumba moja, kila mmoja akimficha mwenzake jambo lile lile, wanapeana chumvi mezani.

"Sikutaka upitie tena," Nohemy akasema.

"Na mimi sikutaka kuuliza," Bi Ofelia akasema. "Niliogopa utanijibu."

Kisha yule mama, mwenye miaka sabini na kitu na mikono yenye mafundo, akavuta kiti akaketi mbele yake. Akamshika vidole, akamfinya ncha kwa kucha. "Unahisi?"

"Kidogo sana. Kama umenivalisha plastiki."

"Na hapa?"

"Hapo nahisi."

Niliona uso wa Bi Ofelia unatafuta kitu mbali. Akasema, "Nipe mkono. Nibane. Nibane kwa nguvu zako zote, usinihurumie."

Nohemy akabana. Bi Ofelia akauma mdomo, akasema, "Basi, basi, utanivunja." Akabaki ameushika mkono ule. Machozi yakaanza kumtoka, naye alikuwa kama hana habari nayo.

"Baba yako hakuwahi kufa ganzi," akasema. "Hata siku moja. Mpaka anakufa, inzi akitua kidoleni alikuwa ananiita nimfukuze. Alihisi kila kitu, Nohemy. Nguvu ndiyo iliyoondoka. Alikuwa anaihisi sindano vizuri kabisa na hawezi kuishika. Wewe una nguvu za punda na huhisi maji ya moto. Hilo ni jambo jingine. Sijui ni nini, lakini ni jambo jingine."

"Mlisema ilianzia vidoleni."

"Ilianzia. Wewe hukuwepo, na hakuna aliyekueleza vizuri."

Ningependa kusema kwamba hofu iliishia pale jikoni. Haikuishia. Alikubali kwenda kwa daktari, na foleni ya kumwona daktari wa neva katika nchi hii unaijua mwenyewe. Wiki zile za kungoja, Nohemy aliacha kuogopa ganzi akaanza kuogopa udhaifu. Alikuwa anabana kila kitu. Malimau, vitasa vya milango, chupa za shampuu, bega langu. Kifuniko cha mtungi kikikaza alikuwa anabadilika rangi, na hata mimi niliposhindwa kukifungua hakutulia. Bi Ofelia akaanza kulegeza vifuniko vyote vya nyumbani mapema, kisirisiri, na sijui kama Nohemy aligundua.

Siku yenyewe tulikwenda watatu. Daktari alikuwa mwanamke kijana mwenye sauti ya chini. Alimchoma visindano, akampitisha umeme mdogo kwenye mkono mpaka vidole vikaruka vyenyewe, akamwambia atembee kwa visigino, atoe ulimi, asukume, avute. Aliuliza habari za baba kwa muda mrefu. Mwisho akasema mshipa wa fahamu unaopita kwenye kifundo cha mkono umebanwa, mikono yote, wa kulia zaidi. Akasema miaka ishirini ya mkasi ilianza kazi hiyo na pikipiki ikaimalizia. Ndiyo maana kuacha pikipiki wiki moja hakukusaidia kitu. Akampa mikanda migumu ya kufunga vifundo wakati wa kulala.

"Na ule wa baba?" Nohemy akauliza.

"Kwa sasa sioni dalili yake yoyote," daktari akasema. "Rudi baada ya miezi sita nikutazame tena."

Tulitoka. Bi Ofelia alikuwa anamshukuru Mungu kwa sauti pale kwenye ngazi. Nohemy akasema, "Kwa sasa." Nikamwambia madaktari wote wanasema hivyo. Akasema anajua.

Nilidhani atauza pikipiki. Wateja nao walidhani, na Bi Graciela alikuwa na mpwa anayeitaka. Badala yake aliiingiza kwenye ukumbi mrefu wa nyumba yao, akaiinua kwenye stendi iwe wima, na jioni baada ya jioni akawa anapanda na kushuka bila kwenda popote. Mimi nilikuwa nashika spana na taa. Bi Ofelia alikuwa anafuma kwenye kiti chake na kutoa hukumu.

"Unakaa kama chura," alisema siku ya kwanza.

"Chura anakaaje, mama?"

"Hivyo hivyo."

Alianza na nusu aliyopewa na Gildardo, yaani magoti. Lakini magoti yalikuwa yanateleza kwenye tangi lililong'arishwa, kwa hiyo akatafuta vibandiko vya mpira vyenye meno, akabandika kila upande. Kisha akagundua alikuwa anakaa mbele mno, amegusana na tangi, kwa woga tu, kwa kutaka kuwa karibu na usukani. Akarudi nyuma kiasi cha kiganja. Sasa hakukunja mgongo tena, aliinamia kwenye nyonga, na mgongo ukanyooka. Viwiko vikapata nafasi ya kulegea. Nilipomtazama kwa pembeni nikaona kifundo cha mkono bado kimekunjwa juu, vidole vikipanda kuifuata breki.

"Hapo pamevunjika," nikamwambia. Mikono ndiyo kazi yangu, nakaa nayo kutwa. "Kama unamwambia mtu simama."

Akalegeza skrubu za breki na klachi, akazizungusha zishuke kidogo, akaweka vidole juu. Kiganja, kifundo na mkono vikawa mstari mmoja. Alikaa hivyo kidogo. Akaachia mikono yote miwili na hakuanguka.

"Sasa unakaa kama binti wa watu," Bi Ofelia akasema, akarudi kwenye sindano zake.

Barabarani haikuwa rahisi hivyo. Mara ya kwanza aliposhuka kwenda saluni kwa mkao ule, alifika mapaja yanatetemeka hawezi kusimama, ikabidi amkate mtu nywele yeye mwenyewe akiwa amekaa kwenye stuli. Alikuwa na furaha ya ajabu. Alisema, "Yanauma miguu, Amparo. Miguu tu." Siku nyingine alikuwa anasahau, mvua inanyesha, basi linamkata mbele, na woga unamrudisha kwenye mikono ile ile, anafika vidole vina ganzi kama wadudu wanatambaa ndani. Hapo alikuwa hasemi na mtu mpaka saa ya chakula. Mkasi pia aliubadilisha, akachukua ule wa kishikio kilichopinda, na msimu wa pili wa komunio, mwezi wa kumi na moja, alikataa nusu ya kazi.

Mwezi wa kumi na mbili akaniuliza kama nitakwenda naye Chinchiná. Nikaendelea kufunga chupa za rangi. Akasema hatanilazimisha, tena safari hii nisimkumbatie. Alinionyesha ukumbini: nipitishe mikono pembeni mwa kiuno chake, niiweke kwenye tangi, na kwenye breki nisukume tangi, nisimlalie yeye. Tukafanya mazoezi pale pale, wanawake wawili juu ya pikipiki isiyokwenda, Bi Ofelia akifunga macho.

Tulishuka siku ya jua. Niliogopa njia nzima, siwezi kudanganya, mpaka tukafika kwenye kile kibanda cha matunda. Kilikuwa kimefunguliwa, wanauza mananasi. Mikono yangu ilikuwa kwenye tangi, inauma, na niliona yake mbele, imelegea kwenye usukani kiasi kwamba vidole viwili vilikuwa vinachezacheza hewani. Alikuwa anapinda na kona.

Chinchiná tulikula na kina Gildardo kwenye meza ndefu. Gildardo akauliza ile nusu nyingine ilikuwa nini, Nohemy akaanza kumweleza habari za nyonga na breki, na yule mtu akaacha kula akatoka nje kuitazama pikipiki yake. Mimi nilibaki nasugua viganja. Nohemy alikuwa ameweka mkono wa kulia juu ya meza na kwa kidole gumba alikuwa anagusa ncha za vidole vingine, taratibu, cha kwanza, cha pili, cha tatu. Kwenye cha tatu alirudia.

"Kipo?" nikamwuliza.

"Kipo," akasema. "Nadhani kipo. Nipitishie chumvi."